Heroe Kumi na Mmoja

Khayesi alikataa kuja.
Chama kilipochanga alitoa shilingi zake zote,
siku ya safari akaketi jikoni akichambua mrenda:
"Mimi Nakuru nilishaiona. Nendeni mkaone yenu."

Tuliiona pamoja, mwaka wa themanini na nne,
darasa la saba, watoto sitini na wawili
ndani ya lori la miwa kutoka Mumias,
masizi ya shamba lililochomwa yakitupaka magoti,
viazi vitamu vimefungwa kwenye leso ya mama.
Mwalimu Shitakha alikuwa na tai moja tu, na aliivaa.
Lori likazima. Akasema: msiseme kitu.
Ukingo wa ziwa ulikuwa umeanikwa nguo ya waridi.
Khayesi akaninong'oneza: nani huyu anafua hivi?
Kisha nguo ikapiga hatua.

Leo geti lile liko majini.
Dereva anatuonyesha kwa kidole: pale, lile paa,
pale ndipo mlipokatiwa tikiti.
Migunga imekufa wima, myeupe kama miiba ya samaki,
na minandi wamejenga juu yake bila kuuliza.
Tikiti siku hizi hulipwa kwa simu;
mtandao ulipogoma tulikaa nje saa moja na nusu,
mabasi kumi na manne yakinguruma papo hapo,
akina mama arobaini ndani ya fulana za rangi moja
zilizochapwa kifuani (usicheke) heroe.

Kwa kifaru tulifika tukiwa gari la ishirini na tatu.
Sikumwona kifaru.
Nilimwona ndani ya simu ya mtu aliyesimama mbele yangu,
mdogo kama kidole gumba, akila nyasi,
kisha mwenye simu akamfuta
kwa sababu hakutoka vizuri.

Juu ya jabali nyani alimpokonya mweka hazina wetu chapati
na hakuna aliyeshangaa, hata nyani.
Kijana mmoja mwenye miwani akarusha kidude cha mabawa manne,
kikavuma juu ya maji kama nyigu aliyekasirishwa.
Askari wa mbuga akaja mbio akifoka,
nami nikafoka naye: aibu! aibu!
Ndipo mkono wangu wa kulia ukanikumbusha.

Kuna jambo sikuwahi kumwambia Mwalimu Shitakha.
Alipogeuka kumshika kichwa mtoto aliyetapika
nilitaka kuiona ile nguo ikikunjuliwa yote.
Nikaokota jiwe. Khayesi akaokota lake.
Ziwa likainuka likipiga kelele,
jua likapita katikati ya mbawa, jekundu, jeusi, jekundu.
Sijaona kizuri kushinda kile,
na nilikipata kwa jiwe.

Kwa hiyo sina mengi ya kusema juu ya watu.
Watu ni mimi na fulana yangu.

Wanasema wamehamia Bogoria,
maji yamezidi, magadi yamepungua, chakula chao hakioti.
Wengine wanasema ni uchafu wa mji.
Dereva anasema watarudi;
dereva ana mkopo wa gari.

Jioni, wenzangu wakigombania kivuli na soda,
nilishuka kidogo nyuma ya migunga mikavu.
Kwenye kona ya maji, pasipo na kibao wala uzio,
walikuwa wamesimama, kila mmoja kwa mguu wake.
Nikahesabu. Nikarudia kuhesabu.
Sikumwita mtu.

Simu ikatetemeka mfukoni.
"Wapo?"
Nyuma ya sauti yake nilisikia sufuria ikitokota
na kuku anayefukuzwa mlangoni.
Nikasema, wapo.
Khayesi akanyamaza, kisha polepole,
kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa:
"Wamesimama?"
"Wamesimama."
"Basi waache."